Kaburi, Kota na Kiwanda katika Picha Moja

Mbele umesimama msalaba wa jiwe, mkubwa kiasi cha kuitawala picha nzima. Nyuma yake yanateremka makaburi mengine. Yanapoishia makaburi zinaanza nyumba za wafanyakazi, zimebanana ukuta kwa ukuta. Na juu ya mapaa, pale jicho linapotarajia kukuta anga, zimesimama dohani za kiwanda cha chuma. Walker Evans aliipiga picha hiyo Novemba 1935 katika mji wa Bethlehem, jimboni Pennsylvania, Marekani, mji uliobeba jina la mahali alipozaliwa Yesu na kuishi kwa mishahara ya kampuni ya Bethlehem Steel. Hakuna uso unaotutazama wala mkono ulionyooshwa kuomba. Hata hivyo, anayeisoma picha hiyo kutoka nyuma kuja mbele anakutana na maisha mazima ya binadamu: kule alikofanya kazi, hapa alipolala, huku alikozikwa.

Naamini kwamba picha za namna hii, za nyumba za wafanyakazi wa viwandani wakati wa uchumi mbovu, ni ushahidi mzito kuliko picha za nyuso ambazo ndizo zilizopata umaarufu. Tukitajiwa mdororo mkuu wa miaka ya 1930, wengi wetu tunamkumbuka yule mama wa Nipomo, California, aliyepigwa picha na Dorothea Lange Machi 1936, watoto wamemlalia mabegani, mkono wake ukigusa shavu. Picha za kambi ile zilipochapishwa gazetini, chakula kilipelekwa haraka kwa wavunaji wenye njaa waliokuwa pale. Sitaidharau kazi hiyo. Mwenye njaa anahitaji kula leo, hawezi kungoja mjadala. Lakini tuangalie uso unatutaka nini. Uso unatutaka tuhurumie, na huruma ikishatoa kikapu cha unga huhisi imemaliza deni. Nyumba haituachii njia hiyo. Mbele ya nyumba mtu huuliza maswali ya kikarani: nani aliijenga, hati iko kwa nani, kodi inalipwa wapi, choo kiko wapi, na kwa nini dirisha la chumba cha watoto limeelekezwa kwenye moshi. Maswali hayo hayajibiwi kwa sadaka. Yanajibiwa kwa daftari la mahesabu, na daftari lina mwenyewe.

Ili kuona uzito wa jambo hili, inabidi kukumbuka jinsi nyumba ya mfanyakazi ilivyokuwa ikifanya kazi, hasa katika miji ya makaa ya mawe ya West Virginia na Kentucky. Kampuni ilichimba makaa, ikajenga nyumba, ikafungua duka. Kodi ya nyumba, bei ya makaa ya kuota moto, ada ya daktari na deni la dukani vilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Sehemu nyingine mchimbaji alilipwa kwa sarafu za kampuni, zenye thamani kamili ndani ya duka la kampuni tu. Akigoma, alipoteza kazi na paa kwa siku moja, kwa kuwa haki ya kukaa mle ndani ilitegemea kuajiriwa. Samani za familia zilizotupwa barabarani wakati wa migomo ni sehemu ya historia ya mabonde yale. Kwa hiyo nyumba haikuwa mahali pa kupumzika baada ya kazi. Ilikuwa chombo kimojawapo cha kazi, kama reli na toroli, na yenyewe ilimzuia mtu asiinue sauti. Hata pale ambapo kampuni haikuwa na hati ya nyumba, kama katika mitaa mingi ya miji ya chuma, mambo hayakutofautiana sana. Mwaka 1932 Marekani ilizalisha takriban robo tu ya chuma ilichozalisha mwaka 1929, na mwaka uliofuata karibu robo ya nguvukazi yote ya nchi haikuwa na ajira. Tanuri likipoa, kodi ya nyumba haipoi nalo.

Wazo la kuitumia nyumba kama shahidi halikuanza na Evans. Mwaka 1907 na 1908, wakati mtikisiko wa mabenki ulipokuwa umepunguza kazi viwandani, kundi la watafiti lilikwenda Pittsburgh kuchunguza maisha ya mji ule wa chuma. Miongoni mwao alikuwamo Margaret Byington, aliyekaa na bajeti za familia 90 za Homestead, ng'ambo ya mto, na kuandika kila senti ilikokwenda: kodi, mkate, bima ya maziko, pombe, viatu. Lewis Hine alikuja na kamera yake. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1910 kikaziweka hesabu na picha pamoja, na hapo ndipo palipo nguvu yake. Picha ya ua wenye matope, ambako kaya kadhaa zilichota maji mahali pamoja, ikisimama peke yake yaweza kumfanya msomaji aliyeshiba aseme kwamba watu wale ni wachafu. Ikisimama karibu na hesabu ya mshahara wa kibarua anayefanya kazi saa 12 kwa siku, uchafu unapata chanzo. Mtu anaona kwamba mama yule hakushindwa kufua. Alishindwa kununua nafasi ya kufulia.

Evans alitumwa na serikali. Mwaka 1935 utawala wa Rais Roosevelt uliunda wakala wa kuwakwamua wakulima na kuwapa makazi mapya, Resettlement Administration, uliokuja kubadilishwa mwaka 1937 kuwa Farm Security Administration. Ndani yake kilikuwamo kitengo kidogo cha picha chini ya Roy Stryker, aliyewahi kufundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kazi ya wakala ilikuwa mashambani, na kwa sababu hiyo picha za miji ya viwanda ndani ya jalada la kitengo hicho zina mvuto wa pekee: ni kama zilipita mlango wa pembeni. Evans alipiga Bethlehem na Johnstown mwishoni mwa 1935, na Machi 1936 akapiga nyumba za wafanyakazi wa chuma mjini Birmingham, Alabama. Ben Shahn, mchoraji aliyekuwa rafiki yake, alizunguka makambi ya makaa ya West Virginia mwaka 1935. Marion Post Wolcott alifika mabonde yaleyale mwaka 1938. Stryker alikuwa na tabia ya kuwapelekea wapigapicha wake orodha za mambo ya kutafuta, na mojawapo lilikuwa hili: watu wanatundika nini ukutani, na ukuta unabadilikaje kadiri kipato kinavyobadilika? Swali hilo dogo linajibiwa na picha ambazo hazina mfano.

Kuna moja Evans aliyoipiga mwaka 1935 ndani ya nyumba ya mchimbaji wa makaa huko West Virginia. Ukuta umefunikwa kwa makaratasi magumu ya matangazo ya biashara, na miongoni mwake yumo Baba Krismasi anayecheka akiwa na soda. Makaratasi yale hayakuwekwa kwa mapambo pekee. Nyumba za mbao za makambi zilipitisha upepo, na karatasi ilikuwa plasta ya asiyekuwa na plasta. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Amekwisha kuona magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa unga kwenye kuta za vyumba vya kupanga, na kalenda za miaka iliyopita ambazo hazibanduliwi kwa kuwa picha bado ni nzuri na tundu la ukuta bado lipo. Katika ukuta ule wa West Virginia yamekutana mambo mawili kwa wakati mmoja: uchumi unaoshawishi watu wanunue, na watu ambao kitu pekee walichoweza kupata kutoka katika ushawishi huo ni karatasi yake. Hakuna uso, hata ukilia namna gani, ungeweza kulisema hilo.

Pingamizi la kwanza ni la zamani: kamera hudanganya. Evans alitumia kamera kubwa ya mbao yenye filamu ya inchi 8 kwa 10, na kule makaburini Bethlehem alitumia lenzi ndefu, ambayo huvuta vitu vya mbali na kuvibandika karibu na vya mbele. Kwa macho ya kawaida, msalaba, nyumba na dohani havikubanana vile. Kuna pia kisa cha Arthur Rothstein, mpigapicha wa kitengo hichohicho, ambaye mwaka 1936 kule South Dakota alilihamisha fuvu la ng'ombe kutoka mahali alipolikuta ili lipate mandhari ya udongo uliopasuka. Magazeti yaliyompinga Roosevelt yaliligeuza fuvu lile kuwa kashfa katika mwaka wa uchaguzi, yakasema ukame wenyewe ni wa kutungwa. Sioni sababu ya kuwatetea wapigapicha kwa kukana. Walichagua, walipanga, walisubiri mwanga. Lakini fuvu huhamishika, nyumba haihamishiki. Hapo ndipo picha ya nyumba inapokuwa na kinga ambayo picha nyingine hazina: mtu yeyote aliyekuwa na shaka mwaka 1935 angeweza kupanda treni hadi Bethlehem, asimame makaburini, ahesabu milango. Lenzi ndefu ilibana hatua za mguu, haikuzua uhusiano. Wanaume wa nyumba zile walikuwa wakivuka kweli kutoka mlango hadi lango la kiwanda, na kengele ya kiwanda ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Picha hizi zililipiwa na serikali iliyotaka kuungwa mkono. Je, si propaganda? Evans mwenyewe aliogopa jina hilo. Kabla ya kuanza kazi aliandika kwamba atatoa kumbukumbu tupu, siasa asiiguse, na mwaka 1937 alikuwa nje ya kitengo. Stryker naye alikuwa na mkono mzito: negativu alizozikataa aliziharibu kwa kuzitoboa tundu, na leo tundu hilo jeusi linaonekana katikati ya mashamba na nyuso kama jua lililokufa. Ni kweli, basi, kwamba jalada lilichujwa. Lakini tazama lilichoshindwa kukificha. Fahari ya mpango wa makazi ilikuwa Arthurdale, kijiji kipya kilichojengwa West Virginia kuanzia miaka ya 1933 na 1934, kikiwa na nyumba 165, kwa ajili ya familia zilizokwama katika bonde la Scotts Run, ambalo Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alilitembelea mwaka 1933 na kuumizwa na hali yake. Nyumba za mwanzo zilizonunuliwa zilikuwa nyepesi, za kupumzikia majira ya joto, zisizofaa baridi ya milimani. Kibaya zaidi, familia za Weusi hazikupokelewa Arthurdale, ingawa Scotts Run ilijaa wachimbaji Weusi na wahamiaji kutoka Ulaya. Jalada la serikali hiyohiyo limehifadhi picha za Weusi wa Scotts Run, milangoni mwao na njiani mwao, mwaka mmoja na miwili baada ya kijiji kuanza. Propaganda iliyo kamili isingeacha ushahidi wa waliofungiwa mlango. Negativu takriban 175,000 zilizoko Maktaba ya Bunge la Marekani ni nyingi mno kutii nia ya bwana mmoja.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua, na sidhani linaweza kuondolewa lote. Picha hizi ni nzuri. Mistari ya mapaa, mwanga kwenye mbao, utulivu wa barabara tupu: mwaka 1938 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilimfanyia Evans maonyesho yake, na tangu hapo nyumba za watu waliokuwa na deni dukani zimekuwa zikitundikwa kwenye kuta nyeupe za watu wasio na deni. Zaidi ya hayo, anayeondoa watu kwenye picha anaweza kutuzoesha kuona umaskini kama hali ya hewa, jambo lisilo na mtendaji wala mtendwa. Shahn aliliona hilo kwa namna yake. Alibeba kamera ndogo yenye kioo cha pembeni, akawapiga watu bila wao kujua wamelengwa, na bonde lake lina watu wanaobishana na kucheka. Tunahitaji zote mbili. Hata hivyo uzuri wa picha ya nyumba haumfanyi kila mtu asinzie. Stryker alisimulia kwamba siku moja mwanamke alifika ofisini kwake kuomba nakala ya picha ya msalaba wa Bethlehem; alitaka kumpelekea kaka yake, mkubwa katika kampuni ya chuma, pamoja na maneno makali: kwamba makaburi ni yenu, mitaa ni yenu, majumba na viwanda ni vyenu, ila roho zetu hamtazipata. Mwanamke yule hakuona mistari mizuri. Aliona orodha ya mali.

Kuhusu watu wanaokosekana, jibu zuri kuliko yote nimelikuta karibu zaidi na kwetu, Lubumbashi, Kongo. Huko Katanga, Kiswahili kilikua ndani ya makambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwapangia wafanyakazi wake nyumba za familia, ikiwapa posho kwa kipimo na kuzihesabu kaya kama inavyohesabu vifaa. Baada ya uhuru kampuni ikawa Gécamines ya serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka michache baadaye haikufikia hata tani 100,000, na mishahara ikakoma huku watu wakiwa bado ndani ya nyumba za kampuni. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha za rangi za viwanda vile vilivyotelekezwa, kisha akawabandika juu yake wafanyakazi wa picha za zamani za kikoloni zisizo na rangi, wamesimama wima wakikaguliwa. Mfululizo huo aliuita Mémoire. Evans aliwaondoa watu ili mahali paseme. Baloji aliwarudisha ili mahali pasijifanye pamejifia penyewe. Na kabla ya Baloji, kwenye sebule za Lubumbashi zilezile, wafanyakazi walikuwa wakinunua michoro ya ukoloni, ya treni za shaba na ya viboko, wakaitundika juu ya makochi na kuiita ukumbusho. Ukuta ambao Stryker aliwatuma vijana wake wakausome, watu wa Katanga waliuandika wenyewe.

Lakini kitu kimoja ndicho kinachoamua kama picha ya nyumba itabaki ushahidi au itageuka pambo, nacho ni maneno machache chini yake. Uingereza ilitoa funzo mwaka 1937. Kitabu cha George Orwell kuhusu wachimbaji na wasio na kazi, The Road to Wigan Pier, kilichapishwa na klabu ya vitabu ya mrengo wa kushoto kikiwa na kurasa 32 za picha ambazo hazikupigwa kwa ajili yake. Zimo nyumba za Wales Kusini na za vitongoji vya London, huku msomaji akiwa anasoma habari za kaskazini. Maandishi ya Orwell yalihesabu vyumba, vitanda na shilingi za kodi kwa uangalifu mkubwa. Picha zikaja kusema tu kwamba kuna mitaa mibovu mahali fulani. Mtaa mbovu usio na jina haumshtaki mtu. Hata Evans simtoi lawamani hapa. Maelezo yake ya picha ni mafupi, mji na mwezi basi. Hatujui kodi ya nyumba hata moja kati ya zile zilizo nyuma ya msalaba.

Pengo hilo lilizibwa miaka kumi baadaye na Russell Lee, mwenzao wa kitengo cha Stryker. Mwaka 1946 wachimbaji wa makaa waligoma, Rais Truman akaitwaa migodi, na tarehe 29 Mei waziri wake, Julius Krug, akatia saini mkataba na John L. Lewis, kiongozi wa chama cha wachimbaji. Mkataba ule ulikuwa na kifungu cha kuchunguza nyumba, maji, vyoo na matibabu katika vijiji vya makaa. Maofisa wa jeshi la majini wakaongoza uchunguzi, Lee akawa mpigapicha, na akarudi na picha zaidi ya 4,000. Lee alipiga sebule, jikoni, bomba la maji la nje, choo kilichojengwa juu ya kijito, bibi anayepanga vyombo kabatini kwa adabu kubwa kana kwamba hajui upepo unapitia wapi. Chini ya picha zake aliandika yale ambayo karani angeandika: vyumba vingapi, kodi kiasi gani kwa mwezi, maji yako ndani au nje, nyumba ya kampuni gani. Familia zake zina heshima na zina nyuso, na nyumba zao zina mwenyewe anayetajwa. Ripoti ilitoka mwaka 1947, ikiwa na picha zake ndani.

Sitadai kwamba picha zile zilijenga kitu. Mfuko wa afya na pensheni wa wachimbaji ulizaliwa na mgomo na mkataba, na ndio uliojenga hospitali kumi zilizofunguliwa mwaka 1956 huko Kentucky, Virginia na West Virginia. Picha zilifanya jambo dogo zaidi: ziliifanya hali ya nyumba iwe hoja ya mezani, yenye ukurasa na kiasi, ambayo wakili wa kampuni hakuweza kuipuuza kwa kusema kwamba watu wale wanapenda kuishi hivyo. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni za makaa zikaanza kuziuza nyumba zile kwa waliokuwa wakiishi ndani yake. Mashine za kuchimba zilikuwa zimeingia migodini, mikono haikuhitajika kwa wingi tena, na mchimbaji akakabidhiwa hati ya nyumba yake katika miaka ileile aliyokuwa akipoteza kazi iliyomleta pale.